Sufuria Niliyoipindua

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama mkwe aliniita Cherehani tangu wiki ya kwanza nilipoingia kwake, na jina likaganda, hata wenye maduka wanaochukua mali kwetu hawanijui kwa jina jingine. Lakini kuna jambo moja ambalo hata Cherehani alifundishwa kulifungia mdomo, nalo ni pilipili ya nyumba ile. Kuichambua ruksa. Kuisaga ruksa, kuipika, kuijaza kwenye chupa, kuipigia deki ikimwagika, yote ruksa na tena haraka haraka. Kuionja, marufuku.

Kazi yetu ni pilipili ya chupa. Nyuma ya nyumba kuna banda la mabati lenye mashine ya kusagia, jiko la gesi lenye miguu mifupi, sufuria moja ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, na rafu za chupa zilizofudikizwa zikauke. Ukiingia bila barakoa unakohoa mpaka machozi yakutoke. Mume wangu anasambaza kwa pikapu, mimi nasaga na kupika, na Mama anaonja. Ndiyo, kuonja ni kazi. Kila sufuria, kabla moto haujazimwa, Mama anachota kwa upawa, anapuliza, anatia ulimini, anafumba macho. Kisha anasema: siki. Au: vitunguu saumu. Au anatupia konzi ya chumvi, anaonja tena, anatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo chupa zinaanza kujazwa. Ladha ilikuwa ile ile miaka nenda miaka rudi. Watu walisema nyumba ile ina ulimi mmoja, na yeye alipenda wakisema hivyo.

Mke wa shemeji yangu mkubwa aliwahi kuchovya kidole akasema siki imezidi. Basi, kosa. Mama hakugomba. Alivua aproni, akanawa mikono, akaenda kukaa barazani, na hakurudi bandani mpaka pilipili yote iliyosagwa ilipochacha na wanawe wote wawili wakaja kumwomba radhi. Yule mwenzangu hakukanyaga tena bandani, na baadaye wakahamia mbali. Mimi nilipoolewa niliikuta hadithi hiyo inanisubiri mlangoni.

Sasa kuhusu presha. Mama alikwenda zahanati kwa ajili ya jino, akarudi na presha. Nesi alimpa vidonge, akamwambia hivi ni vya kila siku, ujisikie mgonjwa usijisikie. Akawa anavinywa mbele yetu baada ya chai ya asubuhi, amekunja uso kama mtoto. Alilalamika kwamba vinamwachia ladha ya misumari mdomoni. Mume wangu akamtania kuwa dawa si peremende. Tukacheka, Mama akatukata jicho, yakaishia hapo.

Halafu ikaja siku ya redio. Redio yetu inakaa juu ya rafu, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isiingie vumbi la pilipili. Siku hiyo alikuwa anahojiwa daktari, na Mama akatuashiria tunyamaze. Daktari akasema kile kitu kinachoifanya pilipili iwashe kinaweza kuzilegeza kuta za mishipa ya damu, damu ikapita kwa nafasi, presha ikashuka kidogo. Mama akasimama wima na mwiko wake mkononi. Daktari akasema, lakini. Na hapo hapo Mama akawasha mashine ya kusaga. Ile "lakini" sijui iliishia wapi, maana mashine ile ikiunguruma hata jina lako hulisikii. Mama alikuwa ameshapata alichokitaka.

Kuanzia hapo akawa na glasi yake. Asubuhi kijiko cha pilipili yetu kwenye maji ya uvuguvugu, mchana hivyo hivyo, jioni tena. Alitangaza kwa kila aliyeingia uani kwamba maisha yake yote amebeba dawa mikononi bila kujua. Nilimuuliza kama vidonge bado anakunywa. Akasema kwani mimi ni askari wa vidonge? Nikaamini anakunywa. Kila asubuhi nilimwona anafungua kile kikopo chake, mkono unakwenda mdomoni, maji yanafuata. Utamfuata mtu mzima umchungulie kooni?

Lakini macho nilikuwa nayo. Niliona pete yake haitoki tena kidoleni. Niliona viatu vya kazini ameacha kuvifunga kamba kwa sababu miguu imevimba. Akawa anataka mlango wa banda ufungwe nusu, eti mwanga unamgonga kichwani. Nilipomwambia twende akapimwe alisema kichwa kinamuuma kwa sababu ya kelele za cherehani fulani. Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka, na nilimwambia mume wangu usiku wake kwamba siku mama yake akianguka asije akanitafuta mimi wa kumfundisha kulia. Akaniambia nimezidi kuwaza mabaya. Ndivyo alivyo, hapendi ugomvi, atapita shimo akiliona ili mradi asiseme barabara ina shimo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mnunuzi wa hoteli. Huyu bwana alikuwa ananunua vyakula vya hoteli kadhaa, na alitaka kuja kuona banda na kumwona Mama anavyoonja, maana sifa za ulimi wake zilimfikia huko huko. Mume wangu alitoka asubuhi kwenda kumchukua. Mama aliniamsha kabla ya jogoo, nikasugua sakafu, nikasugua sufuria, nikasugua hata kuta. Aproni yangu ikaloa chapachapa. Nikachukua ya Mama ya akiba iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari, nikaivaa, nikatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti.

Nikatoa vidonge. Karatasi nzima nzima, hata kimoja hakijabonyezwa. Nikatia mkono mfuko wa pili, nako vimo. Kumbe kila asubuhi mkono wake ulikuwa unakwenda mdomoni mtupu. Vya mwezi ule na vya mwezi uliotangulia, na vingine karatasi zake zimeanza kufifia maandishi kwa jasho na kufuliwa. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakaniwaka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu saumu. Nikaviweka mbele yake, kwenye sinia, juu ya maganda. Hakushtuka. Alivitazama kama mtu anayetazama barua ya jirani.

"Rudisha ulipovitoa," akasema.

"Mama, unataka kutufia?"

Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba dawa yake iko kwenye sufuria, daktari mwenyewe kasema, na kwamba leo ana mgeni, hana nafasi ya kusutwa na mkwe wake. Nikamwambia daktari alisema lakini. Akaniuliza lakini nini. Kweli hiyo sikuijua. Akasonya, akavifagia vile vidonge pamoja na maganda, akavitia kwenye ndoo ya takataka. Nilivitoa, nikavifuta, nikavitia mfukoni mwangu. Hakunizuia wala hakunitazama.

Sufuria ikaanza kuchemka. Nikakoroga, yeye akasimama pembeni, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza. Akachota, akapuliza, akaonja, akafumba macho. Akatupia konzi ya chumvi. Akaonja. Uso ukakunjamana, akatupia nyingine. Akaonja tena, kwa muda mrefu safari hii, akiuzungusha ulimi kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Konzi nyingine. Nilikuwa nimekoroga pilipili ile miaka na mikaka, sijapata kumwona akirudi kwenye chumvi mara zote hizo. Kisha akajishika kipaji, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo, mgeni akifika nimwite.

Nikabaki mimi na sufuria. Nilitazama mlango. Nikatazama upawa. Wallahi, mwanamke mzima na watoto wangu naogopa upawa. Nikachota kidogo, nikaweka ulimini.

Kwanza ukali, ule wa kwetu, unaokuja na kukushika masikio. Halafu chumvi. Siyo chumvi ya kusema imezidi kidogo, hapana. Ilikuwa kama nimelamba jiwe la chumvi linalowekewa ng'ombe. Nilitema, nikasukutua, nikatema tena, na bado midomo ilikuwa inanikaza. Mama alikuwa ameionja hii mara ngapi? Na kila alipoionja aliona chumvi haipo.

Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Maana yote yalinijia kwa mpigo mmoja. Maduka yaliyoanza kurudisha chupa siku za karibuni, mume wangu akisema wateja wamebadilika. Miguu iliyovimba. Na ile glasi. Mama yetu hakuwa anakunywa pilipili asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa anakunywa chumvi, mtu mwenye presha, kwa imani kabisa, na vidonge vimelala kwenye aproni.

Nikampigia mume wangu simu. Alikuwa njiani, mnunuzi kakaa pembeni yake, kwa hiyo alijibu kwa sauti ya kazini. Nikamweleza yote, vidonge, chumvi, kichwa. Nikasikia indiketa ya gari inagonga. Kisha akasema kwa kunong'ona kwamba nisiseme neno. Mgeni akishaondoka, jioni, ataongea naye yeye mwenyewe taratibu. Nikamwambia jioni ni mbali. Akasema, "Mke wangu, nakuomba. Leo tu." Akakata.

Leo tu. Basi nikasema haya, leo tu, nitaziba mdomo, wewe si ndiye mwanawe. Nikapunguza moto. Nikaongeza maji, ikawa bado. Nikaongeza siki, ikawa bado. Nilikuwa nahangaika na ile sufuria huku sikio liko chumbani kwa Mama, kama bado anakohoa, kama bado anajigeuza.

Akatoka mwenyewe. Amevaa kitambaa kipya kichwani na aproni nyeupe, lakini anatembea akiupapasa ukuta kwa vidole. Mkononi ana glasi yake. Akaja moja kwa moja kwenye sufuria, na hakuchukua kijiko. Kichwa kilikuwa kinampasuka, akasema, leo kijiko hakitoshi. Akachota upawa mzima akamimina kwenye glasi.

Nikaishika ile glasi. Sote wawili tukaishika, mkono wake juu ya wangu, na mkono wake ulikuwa wa moto. Nikamwomba aiache mpaka mgeni aondoke, akapimwe kwanza. Akavuta. Nikavuta. Ikamwagikia vidole vyetu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona Mama ana woga machoni. Nilidhani ananiogopa mimi.

Pikapu ikapiga honi nje.

Mume wangu akaingia na mnunuzi, mtu mnene mwenye tabasamu, keshavaa barakoa tuliyompa lakini kaishusha kidevuni kwa adabu ili asalimie. Mama akageuka na kumkaribisha kwa maneno mazuri yote anayoyajua, akimuulizia safari yake na watu wa nyumbani kwake. Maneno yalikuwa sawa. Lakini alikuwa anayaelekeza kwenye rafu ya chupa, na mnunuzi alikuwa amesimama hatua mbili kando yake. Mnunuzi akacheka akidhani ni utani. Nikamtazama mume wangu. Aliona. Naapa aliona. Akatazama chini.

Mnunuzi akasema ametoka mbali kuja kuuona ulimi, basi na auone. Mama akatabasamu. Akanyoosha mkono kuchukua upawa, akashika hewa. Akanyoosha tena, akaupata. Akachota mpaka ukingoni, akaanza kupuliza.

"Mama, usionje," nikasema.

Mume wangu akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, mama fulani, kwa ile sauti ya kuniomba. Sikumgeukia.

"Chumvi imezidi. Imezidi sana, tena si ya leo. Na wewe huisikii."

"Nani kaonja?" Mama akauliza.

"Mimi."

Kisha akaunyanyua upawa ule kuelekea mdomoni, polepole, mbele ya mgeni, makusudi, ili nijue katika nyumba ile nani ni nani. Pilipili ikawa inadondoka kwenye aproni nyeupe. Nikaona sina cha kusema tena, maneno yangu yote yamekwisha, mimi Cherehani. Nikampiga mkono, upawa ukaruka ukutani. Na alipogeuka kupapasa upawa mwingine mezani, nikazungushia matambara kwenye masikio ya sufuria, nikaipindua upande wa mtaro.

Mnajua pilipili ya moto ikimwagika kwenye saruji yenye maji inafanyaje? Hewa yote iligeuka moto. Mnunuzi akatoka mbio anakohoa, amejifunika koti usoni. Mume wangu akapiga kelele kuniuliza kama nimerogwa. Kazi yote ilikuwa inatiririka mtaroni, nyekundu, na mimi nimesimama katikati yake na viatu vyangu, nalia kwa mvuke na kwa hasira na kwa hofu. Nilisubiri Mama avue aproni. Nilisubiri aende kunawa mikono.

Hakuvua. Alisimama pale pale, mikono imeinuliwa mbele kidogo.

"Mbona mmezima taa?" akasema.

Ilikuwa saa sita mchana, mlango uko wazi, na bandani hatuna taa.

Hapo ndipo mume wangu alipogutuka. Alimnyanyua mama yake kama gunia la vitunguu, akapita naye juu ya ile pilipili, akamweka kwenye pikapu. Mimi nikamshika kichwa mapajani. Njia nzima mume wangu alikuwa anapiga honi. Mama naye alikuwa ananishika kifundo cha mkono kwa nguvu, vidole vyake vyote vinanuka vitunguu saumu, na kila tulipopita shimo alinikaza zaidi. Nilisema naye bila kukoma. Sikumbuki nilisema nini. Nilimtukana nadhani, na nikamwambia nampenda, yote kwa pamoja.

Kufika zahanati, nesi alimfunga kipimo mkono wa kulia, akatazama, akahamishia wa kushoto. Alipotazama mara ya pili hakutuambia namba. Alitembea haraka kumwita daktari, na kule kutembea kwake haraka ndiko kulikonitisha. Walimchoma sindano, wakamwekea dripu ya dawa, wakamzimia taa, wakatutoa nje.

Kwenye benchi la nje mume wangu akaniambia, bila kunitazama, kwamba ningeweza kusubiri, kwamba si lazima ningemwaibisha mama yake mbele ya mgeni. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia kila mtu katika nyumba ile amesubiri, na angalia kusubiri kulikotufikisha, na kwamba kama mama yake atakufa leo atakufa na heshima yake yote haijaguswa, hongera. Watu wa foleni wakageuka. Acha wageuke. Mume wangu akaweka uso viganjani na mabega yakaanza kumtikisika. Nikamwacha kidogo, kisha nikamshika mgongo.

Nesi alipotoka alisema presha imeanza kushuka na kwamba inashushwa taratibu kwa makusudi. Jicho la kulia linaona. La kushoto, akasema, tutaona. Kisha akauliza alikuwa anatumia nini. Nikamtolea vile vidonge, nikamweleza redio, glasi, chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema redio haikudanganya. Kweli kuna kitu ndani ya pilipili kinachoweza kulegeza mishipa, na wanaochunguza bado wanachunguza, mengi wameyaona kwa panya, kwa watu bado majibu yanapishana. Lakini hakuna aliyemwambia mtu aache vidonge kwa ajili yake, na pilipili nyingi kwa mkupuo inaweza hata kuipandisha presha badala ya kuishusha. Hiyo ndiyo ilikuwa lakini ya yule daktari wa redioni, nikawaza. Na chumvi, akasema, inavuta maji na kuyaweka kwenye damu. Mama yenu alikuwa anafungua mlango kwa mkono mmoja na kurundika magunia nyuma yake kwa mkono mwingine.

Alasiri tukaruhusiwa kuingia. Mama alikuwa amelala chali, bandeji ndogo mkononi, jicho moja limefumbwa. Akamwambia mume wangu akamtafutie maji ya kunywa, na maji yalikuwa pale pale mezani. Mume wangu akaelewa, akatoka.

Nikajiandaa. Nilijua leo nafukuzwa.

"Si redio," Mama akasema.

Sikuelewa. Akapumzika, akaanza upya. Akasema vile vidonge vilimla ulimi. Mwanzo kila kitu kikawa na ladha ya misumari, alitwambia, si tulicheka? Baadaye chumvi ikapotea kabisa. Asubuhi moja alionja sufuria akaona kama anaonja maji ya moto yenye kuwasha. Akaacha vidonge ili ulimi urudi. Haukurudi. Akawa anatia chumvi kwa kukisia, anatazama nyuso zetu, na sisi tumezibwa midomo, hakuna anayemwambia kitu. Redio ilipokuja ikampa cha kusema.

"Ningesema nini, mwanangu? Mimi kusaga siwezi tena, kubeba siwezi. Kilichobaki ni ulimi. Ulimi ukienda, mimi ni nani pale nyumbani?"

Nilikuwa nimemkasirikia mwanamke yule mwezi mzima, na hasira zangu zilikuwa za haki, bado nasema hivyo. Lakini hapo zilinitoka zote. Nikamwambia ni mama yetu, basi, ulimi au bila ulimi. Ilikuwa kauli ya kijinga, maana sivyo tulivyomfanya aamini, na yeye alijua. Akanipapasa mkono akiutafuta kwa jicho lake moja.

Nesi alipoambiwa aliduwaa. Alisema aina zile za vidonge kwa baadhi ya watu zinafanya hivyo kweli, na viko vingine visivyofanya hivyo, angesema tu, vingebadilishwa siku hiyo hiyo. Ladha huwa inarudi, akasema, japo kwa umri wake asiahidi yote. Mama akageuza uso ukutani. Neno moja tu, na angebaki na jicho lake. Kwa maana la kushoto halikurudi sawasawa, mpaka leo anaona ukungu.

Mnunuzi hatukumwona tena. Simlaumu.

Sufuria ya kwanza baada ya hapo tuliipika siku ambayo Mama alichagua mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, kidonge kipya amekimeza mbele yangu na amefungua mdomo nikague, kwa kejeli, ulimi nje. Nilipika jinsi nilivyoona inafaa, siki zaidi, vitunguu saumu zaidi, chumvi kidogo tu. Nikamletea upawa. Akapuliza, akaonja, akafumba jicho zima na la ukungu. Ukali anaupata, akasema. Siki anaipata, kwa mbali. Kisha akafumbua, akaunyoosha upawa ule ule kuelekea upande niliokuwa nimesimama.

"Chumvi?"

Nilimtazama mume wangu mlangoni. Hakutazama chini. Nikaonja.

"Imepungua, Mama."

"Sana?"

"Kidogo. Wateja wataona."

Nikanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi. Mama akanishika kifundo, pale pale aliponishika kwenye pikapu.

"Iache ilivyo," akasema. "Hii nataka niile na mimi."